Ndumakuwili asiyeuma popote: tumwelewe nyoka kipofu

Kila mvua kubwa zinapoanza, picha zilezile hurudi kwenye simu za watu. Kiumbe chembamba, cheusi, kinajinyonganyonga juu ya vigae vya bafuni, na chini yake kuna onyo: huyu si nyungunyungu, ni nyoka, ana sumu kali isiyo na dawa, hutokea kwenye bomba la maji machafu, huingia masikioni mwa watoto waliolala, tafadhali watumie wote unaowapenda. Maneno ya mwanzo ya onyo hilo ni ya kweli. Si nyungunyungu, ni nyoka. Mengine karibu yote ni uzushi, na uzushi huo ndio unaofanya kiumbe asiyeweza kumdhuru hata mtoto mchanga apondwe kwa kandambili au amwagiwe maji ya moto.

Wa kwanza niliyepata kumtazama kwa karibu nilimkuta chini ya chungu cha maua kilichokaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nilipokiinua, kwenye udongo wenye unyevu kulikuwa na kitu mithili ya kamba nyeusi ya kiatu, kinang'aa kana kwamba kimepakwa mafuta. Kabla sijajua ni nini, nusu yake ilikuwa imeshazama. Nilimchota pamoja na udongo wake nikamweka ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Alizunguka ukingoni mwa kioo, akipapasa kwa pua, na hapo ndipo nilipoona ulimi: mwembamba kuliko unywele, wenye panda, ukitoka na kurudi haraka kama anayeonja hewa. Nyungunyungu hana ulimi. Nilikuwa namtazama nyoka kamili, mwenye uti wa mgongo, mbavu, taya na pafu, vyote vimepangwa ndani ya mwili usiozidi unene wa mrija mwembamba wa kalamu.

Tuanze na majina, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. "Nyoka kipofu" si aina moja ya nyoka. Ni jina la kundi kubwa lenye aina zaidi ya 400, karibu zote zikiishi chini ya ardhi katika nchi za joto. Wengi ni wadogo sana, ingawa wakubwa wapo: kusini na mashariki mwa Afrika kuna nyoka kipofu mnene anayekaribia urefu wa mita 1. Wataalamu wamewagawa katika familia kadhaa, nasi hapa zitatutosha mbili. Moja ni ya nyoka vipofu wa kawaida, na nyingine ni ya wale wembamba zaidi ambao nitawaita nyoka-uzi.

Huyu wa kwenye picha za bafuni mara nyingi ni wa aina moja tu katika ile familia ya kwanza. Jina lake la kisayansi ni Indotyphlops braminus. Asili yake ni kusini mwa Asia, na aliyempa jina la braminus ni Mfaransa François Daudin, mwaka 1803. Tangu hapo jina la mbele limebadilishwa mara kadhaa. Ukifungua vitabu vya zamani utamkuta akiitwa Typhlops, vya baadaye kidogo Ramphotyphlops, na hili la sasa likaja mwaka 2014. Ni mnyama yuleyule. Mimi nitamwita nyoka wa vyungu, kwa kuwa udongo wa vyungu vya maua ndiyo makazi yake mashuhuri kuliko yote.

Akikomaa huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15 hivi. Kuna wafupi kuliko hapo, na wachache huzidi kidogo. Rangi yake ni nyeusi, kahawia iliyoiva au kijivu chenye zambarau. Akikaribia kujivua gamba, huonekana na rangi ya samawati iliyofifia, na hapo watu hudhani wameona aina nyingine kabisa.

Nyoka au mnyoo?

Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kutazama ngozi na mwendo. Mwili wa nyungunyungu umegawanyika pete pete, na ngozi yake ni ya ute. Hupumua kwa ngozi hiyo, ndiyo maana akikaa juani muda mfupi tu hukauka na kufa. Nyoka wa vyungu hana pete. Amefunikwa na magamba madogo yanayolaliana kama vigae vya paa, yamepangika katika safu 20 kuuzunguka mwili, na ukimgusa ni mkavu. Anateleza kwa sababu magamba yake yamesuguka kama kioo. Nyungunyungu husogea kwa kujivuta na kujikunja, anarefuka kisha anafupika. Nyoka harefuki, huupinda mwili kulia na kushoto.

Wapo viumbe wengine wawili wanaoongezewa kwenye mkorogano huu. Mmoja ni sisilia, ndugu wa vyura asiye na miguu, mwenye ngozi ya unyevu na mikunjo ya pete. Mwingine ni mjusi-mnyoo, ambaye magamba yake ya miraba hupangika kwenye mikanda kuuzunguka mwili. Wote wanaishi ardhini, wote hawana madhara kwa mtu, na wote hulipa kwa kufanana na kile tunachokiogopa.

Kuna alama moja ambayo ningependa kila mtu aijue, kwa kuwa itatufaa tena mbele. Nyoka tuliozoea kuwaona juu ya ardhi wana magamba mapana tumboni, yamepangwa kama vipandio vya ngazi, ambayo huwasaidia kujishikilia wanapotambaa. Nyoka kipofu hana. Tumboni mwake magamba ni madogo sawasawa na ya mgongoni. Mnyama anayesukuma mwili wake katikati ya udongo hubanwa pande zote kwa pamoja, juu, chini na ubavuni, kwa hiyo mwili wake haukuhitaji kuwa na upande maalumu wa kutambalia.

Vichwa viwili, na mwiba

Kiswahili chenyewe kimembebesha mnyama huyu mzigo mzito. Mtu mnafiki, anayesema hili huku na lile kule, tunamwita ndumakuwili. Neno hilo kwa asili ni la nyoka: nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, kimoja kila mwisho, na anayeuma kuwili. Ukimtazama nyoka wa vyungu utaelewa jinsi wazo hilo linavyoweza kuzaliwa. Kichwa chake hakina shingo. Ni butu, kimeviringana, na kina unene uleule wa mwili. Mkia nao ni butu na mfupi mno. Ukimlaza mezani inakubidi utafute ulimi ndipo ujue mbele ni wapi. Ukimkamata upande mmoja, upande wa pili unageuka na kukusukuma.

Msukumo huo nimeuhisi mwenyewe. Nilipomweka kiganjani alijisokota kuzunguka kidole, kisha nikahisi kitu kikinichoma kidogo, kama ncha ya penseli iliyochongwa inapoegemezwa kwenye ngozi. Ilikuwa ni mwiba ulio kwenye ncha ya mkia wake. Hata ngozi haikutoboka. Mwiba huo si wa nge: hauna tundu, hauna mfuko wa sumu, hauna kitu cha kuingiza popote. Kazi yake ni ya nanga. Nyoka anapotaka kusonga mbele katika udongo huukita mwiba nyuma yake, akapata pa kujisukumia, kama mtu anayesukuma gari lililonasa anavyokita kisigino ardhini. Akiwa mkononi mwako anafanya kilekile: anakita, anatafuta pa kuanzia kukimbia.

Na kichwa halisi je? Mdomo wake ni mdogo sana na uko chini ya pua, umerudi nyuma kidogo, kama wa papa. Haufunguki kiasi cha kuibana ngozi ya mtu. Meno ya sumu hana. Akiudhika sana hutoa majimaji yenye harufu mbaya kwenye tundu la haja, na hiyo ndiyo silaha yake yote. Nyoka tuliyemfanya alama ya kuuma kuwili haumi hata kumoja.

Kipofu kwa kiasi gani?

Jina linatia chumvi kidogo. Macho anayo, nayo ni nukta mbili nyeusi zilizo chini ya magamba yanayopitisha mwanga. Hawezi kuona umbo la kitu wala kukutambua wewe, lakini anajua kama yuko kwenye mwanga au kwenye giza. Fikiria umefumba macho mtu akawasha taa: huoni chumba, ila unajua taa imewaka. Kwa mnyama ambaye mwanga kwake una maana ya "umetoka nje, rudi ndani", hilo linatosha.

Kazi nyingine zote zinafanywa na pua na ulimi. Ulimi huokota chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho kwenye paa la kinywa, nacho husoma harufu hizo kwa umakini kuliko pua. Sisimizi wanapotembea huacha njia ya harufu ili wenzao waifuate. Majaribio yaliyofanywa na nyoka-uzi wa Marekani yameonyesha kwamba nyoka naye anaweza kuifuata njia hiyohiyo, gizani, hadi mlangoni mwa kiota. Sisimizi wameweka alama za njia kwa ajili ya ndugu zao, na mgeni anazisoma.

Mlo wa haraka ndani ya nyumba ya adui

Hapa ndipo ninapomwona nyoka kipofu kuwa wa ajabu kuliko nyoka wengi wakubwa wanaosifiwa. Chakula chake ni mayai, mabuu na pupa wa sisimizi, pamoja na mchwa. Ni chakula laini, kina mafuta mengi, na kipo mahali pamoja kwa wingi. Shida ni kwamba kiko ndani ya nyumba yenye askari mamia, wote wana taya, na wengine wana sumu ya kuchoma.

Nyoka kama chatu ametatua suala la chakula kwa kumeza kitu kikubwa mara chache. Taya zake hutanuka, anameza taratibu, kisha anapumzika siku nyingi. Nyoka kipofu amekwenda njia ya kinyume kabisa: vitu vidogo vingi, kwa kasi, kisha atoke. Tumbo la nyoka mmoja laweza kukutwa na mabuu mamia. Ili kuiweza kasi hiyo kinywa chake kimejengwa kwa namna isiyoonekana kwa nyoka wengine. Katika familia ya nyoka wa vyungu, meno yapo kwenye taya ya juu pekee. Mifupa miwili midogo yenye meno hayo imening'inia ndani ya kinywa kama milango miwili kwenye bawaba. Huzunguka mbele, hukamata buu, huzunguka nyuma kulivuta kooni, moja baada ya nyingine, mara tatu hadi tano kwa sekunde. Ni kama reki mbili ndogo zinazokokota majani kwa zamu. Nyoka-uzi wao wamefika mahali palepale kwa mlango mwingine: meno yao yako kwenye taya ya chini tu, na nusu mbili za taya hiyo hukunjuka kwa ndani na kurudi kwa kasi kama hiyo. Utaratibu wa nyoka-uzi ulielezwa mwaka 1999, na huu wa taya ya juu miaka michache baadaye. Kwa muda mrefu kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba ndani ya kichwa kidogo kuliko punje ya mchele kuna mtambo wa namna hiyo.

Akishambuliwa ana magamba yaliyobanana kiasi kwamba taya za sisimizi hukosa pa kushika. Nyoka-uzi wa Marekani wameonekana wakiongeza kinga ya pili: hujisokota na kujipaka majimaji ya tundu la haja mwili mzima, na sisimizi hurudi nyuma kwa harufu yake.

Kwa mchwa nyoka wa vyungu ana adabu ya pekee ya mezani. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2015 kwamba mara nyingi humshika mchwa kwa upande wa nyuma, akammeza hadi shingoni, kisha akasugua kichwa kilichobaki nje kwenye udongo hadi kikakatika. Kichwa cha mchwa ni kigumu na hakimeng'enywi vizuri. Anakiacha, anakula kilicho laini. Mnyama asiye na mikono, asiyeona, anamenya chakula chake.

Akina mama watupu

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: wadogo hawa wamefikaje kila mahali? Jibu limefichwa katika uzazi wao, na linahitaji hatua mbili tatu.

Kila seli ya mwili ina maagizo ya kuujenga mwili huo, yamefungwa katika vifurushi viitwavyo kromosomu. Kwa wanyama wengi vifurushi hivyo viko jozi jozi: seti moja imetoka kwa mama, ya pili kwa baba. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, jozi hutenganishwa ili kila upande ubebe seti moja. Yai na mbegu vikikutana, seti zinakuwa mbili tena. Hesabu inatimia kila kizazi.

Nyoka wa vyungu ana seti tatu. Mwaka 1987 watafiti waliohesabu kromosomu zake walipata 42, yaani 14 mara tatu. Sasa jaribu kuwapanga watu watatu wawili wawili: mmoja lazima abaki peke yake. Seli yenye seti tatu hukwama vivyo hivyo inapotaka kugawanya jozi zake. Seti ya tatu yaelekea iliingia zamani, aina mbili za nyoka waliokaribiana zilipozaliana. Kwa kawaida kizazi kama hicho kingekuwa tasa na habari ingeishia hapo. Huyu hakuishia hapo. Mayai yake hubaki na seti zote tatu, hayangoji mbegu ya kiume, huanza kukua yenyewe. Anayetoka ndani ni jike, mwenye maagizo yaleyale ya mama yake.

Ndiyo kusema hakuna madume. Wazo hilo lilianza kujadiliwa kwa uzito katika miaka ya 1970, na uchunguzi wa nyoka wa visiwa vya Shelisheli uliochapishwa mwaka 1980 ukalitia nguvu: majike, majike, majike. Wapo nyoka wengine, chatu wakiwemo, ambao jike akikaa bila dume huweza kuzaa peke yake mara mojamoja, lakini wao njia yao ya kawaida ni kupandana. Nyoka wa vyungu ndiye nyoka pekee ajulikanaye ambaye aina yake nzima huishi kwa uzazi wa majike peke yao. Hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya mawili na saba, madogo na marefu kama punje, na watoto hutoka wakiwa nakala ndogo za mama.

Mfano mwepesi ni mti unaokua kwa kipande kilichokatwa. Ukichomeka kijiti kimoja ardhini kikashika, huhitaji mbegu wala mti wa pili. Nyoka wa vyungu ni hivyohivyo. Mmoja tu akisafiri ndani ya udongo wa mche, ukoo mzima umesafiri.

Wamesafiri kweli. Hawaii alionekana kufikia mwaka 1930, akiaminika kuja na mimea kutoka Ufilipino. Florida aligunduliwa katika miaka ya 1970. Leo yuko katika kila bara isipokuwa Antaktika. Hakuna nyoka mwingine wa nchi kavu aliyeenea hivyo, na hakuenda kokote kwa nguvu zake. Tulimbeba sisi, pamoja na maua yetu.

Kuenea huko kumeleta utata hata kwa wataalamu. Katika kisiwa cha Barbados yuko nyoka-uzi anayehesabiwa kuwa nyoka mdogo kuliko wote duniani, mwenye urefu wa sentimita 10 hivi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2008. Baada ya hapo akatoweka machoni kwa miaka mingi. Mwaka 2025 alipopatikana tena chini ya jiwe, waliompata hawakuthubutu kushangilia papo hapo. Nyoka wa vyungu alishaletwa kisiwani humo, na wawili hao wanafanana mno. Ilibidi apelekwe chini ya darubini, magamba yatazamwe moja moja, ndipo ikathibitika kuwa ni mwenyeji. Ikiwa mtafiti mwenye darubini anasita, si aibu kwa mtu aliyemwona bafuni usiku kuchanganyikiwa.

Safari mbili zisizo za kawaida

Siwezi kuacha visa viwili. Cha kwanza ni cha Texas. Bundi wadogo wa huko huwaua mawindo yao kabla ya kuyapeleka kiotoni, lakini nyoka-uzi huwaleta wakiwa hai. Wengine huliwa na makinda. Wengine huponyoka, hujichimbia kwenye takataka zilizo chini ya kiota, na kuanza kula mabuu ya wadudu yaliyojaa humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba makinda wa viota vyenye nyoka hai walikua haraka zaidi na walikufa wachache kuliko wale wa viota visivyo na nyoka. Mfungwa amegeuka mfagizi.

Cha pili ni cha Timor Mashariki, na kinamhusu nyoka wetu wa vyungu mwenyewe. Watafiti waliokuwa wakikusanya wanyama walimwona chura mkubwa akitokwa na kitu kwa nyuma. Kilikuwa ni nyoka kipofu, mzima, akisogea. Alikuwa amemezwa, akapita tumboni na kwenye matumbo yote, akatokea upande wa pili akiwa hai. Alikufa baada ya saa chache, lakini kutoka tu ni jambo la kustaajabisha. Magamba yaliyobanana, ambayo sisimizi wanashindwa kuyafungua, yaliweza kwa muda kustahimili hata asidi ya tumbo.

Kwa nini bafuni, na ufanye nini

Mvua ikinyesha sana, vijia vya chini ya ardhi hujaa maji na nyoka hulazimika kupanda juu. Hutafuta mahali penye unyevu na giza pasipo na mafuriko: nyufa za sakafu, mifereji, chini ya vigae ambako sisimizi nao wamehamia. Hatoki kwenye bomba kuja kumtafuta mtu. Na ule mnyongo wake mkali unaowatisha watu kwenye video una maelezo. Kigae ni laini, mwiba wa mkia haupati pa kukita, magamba hayapati pa kuegemea, kwa hiyo anajitupa huku na huku bila kusonga. Kwenye udongo angekuwa ameshatoweka zamani.

Kuhusu masikio, tundu la sikio mwisho wake limezibwa na ngoma. Halina njia, halina sisimizi, halina anachokitafuta.

Wapo pia wanaoamini kwamba wameona mtoto wa nyoka mkubwa, na kwamba mama yuko karibu. Mara nyingi huyo waliyemwona ndiye mama. Watoto wa nyoka wa kawaida wana macho yanayoonekana waziwazi, mkia unaochongoka taratibu, na yale magamba mapana ya tumboni niliyoyataja.

Lakini kuna tahadhari moja ambayo ni lazima niiseme bila kuificha. Barani Afrika na sehemu za Mashariki ya Kati kuna nyoka wengine weusi wa kuchimba ardhini, wa jenasi ya Atractaspis, ambao wana sumu. Nao pia wana macho madogo na mkia mfupi wenye ncha. Meno yao marefu huweza kutokeza pembeni bila mdomo kufunguka, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa anakuchoma, na sumu yake inaweza kuharibu kidole kabisa. Wakikomaa ni wakubwa kuliko nyoka wa vyungu kwa mbali, wengi wakizidi sentimita 30, macho yao madogo yanaonekana, na tumboni wana magamba mapana. Kwa hiyo nyoka yeyote mweusi wa ardhini ambaye huna hakika naye asishikwe kwa mkono, awe mdogo kiasi gani. Aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa nyoka wa vyungu, huhitaji kumshika. Mtelezeshee karatasi ngumu chini yake, au mfunike kwa kikombe kisha pitisha karatasi, umtoe nje. Mafuta ya taa na dawa za kumwaga ardhini hazina kazi hapa. Zitaua udongo na kila kilichomo. Kama hutaki aingie tena, ziba nyufa, weka wavu wa matundu madogo kwenye mdomo wa mfereji, na inua vyungu vya maua visigusane na ukuta wa nyumba.

Yule wa kwangu nilimrudisha jioni ileile. Niliilaza chupa kando ya chungu chake, na kwa muda hakufanya lolote. Kisha ulimi ukatoka, ukagusa udongo. Kichwa kikaingia katikati ya vipande viwili vya majani yaliyooza, mwili ukafuata bila kupinda, kama uzi unaovutwa na sindano. Kilichobaki nje mwishoni kilikuwa kile kimwiba. Kilikita mara moja, kikasukuma, kikazama.